Mihogo ya Jumamosi

Asubuhi ya ukaguzi, wanawake wa Mwitunde waliufagia ufuko wa ziwa kama watu wanavyofagia ua wakingoja wageni wa posa. Walizoa maganda ya mihogo, wakakunja mikeka ya kuanikia, wakaviringisha mbali mawe ya kukandamizia. Hata kinyesi cha mbuzi kiliokotwa. Aliyewasimamia ni Mama Esperansi, mjane mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kukutwa na mgeni nyumba ikiwa chafu.

"Mama, hii mihogo iliyomo majini si tuiache?" aliuliza Leonia, mke wa mwanawe. "Bado haijalainika."

"Itoe! Unataka wakubwa wa wilaya waje hapa wazibe pua? Uraia wenyewe tumeupata juzi, leo waseme Warundi wale hawana ustaarabu?"

Leonia akaingia majini mpaka magotini, akaitoa.

Mihogo ya huko ni michungu, tena si uchungu wa kukunja uso tu. Usipoilowesha siku tatu nne mpaka ivunde na kulainika, unga wake unaua mtu. Maji ya pampu ya kijiji hayatoshi hata ya kunywa, na upande wa pili wa ziwa ni matete na mamba. Palipobaki ni pale ufukoni. Na pale pale ndipo kampuni moja ya kitalii ilipopataka. Watalii wanaofuata njia ya zamani ya misafara, wakishachoka na vumbi la Tabora, wangeletwa kupumzika kwenye boti za starehe, na boti hazikai bila gati. Kijiji kikalalamika. Wilaya, kwa busara zake, ikasema itamtuma mtu aje ajionee nani anatumia nini, ili kila upande upate haki.

Mtu huyo alikuwa afisa ardhi, kijana mpole aitwaye Renatus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu sana."

Renatus akatembea ufukoni taratibu, akiogopa kuharibu mistari ya fagio. "Pazuri hapa. Pametulia kweli. Ninyi huwa mnapatumia kwa nini hasa?"

"Tunavundika mihogo, baba. Kijiji kizima."

"Iko wapi?"

Esperansi akacheka kwa haya, akajifuta mikono kwenye kanga. "Tumeiondoa. Tungewapokeaje na uvundo ule?"

Renatus naye akacheka, akapiga picha zake, akala kuku aliyechinjiwa, akashukuru. Alipoondoka Esperansi alijisifu mpaka usingizi ulipomchukua. Mgeni ameridhika, alisema, na mgeni akiridhika hakunyimi kitu. Masikini mama wa watu!

Uamuzi ulisomwa na Renatus kwenye mkutano wa kijiji. Kampuni imepewa ufuko, ijenge gati na uzio. Wananchi nao wametengewa kila Jumamosi, kutwa nzima, bila malipo. Baadhi ya wanaume walipiga makofi, maana Jumamosi nzima ilisikika kama kitu kikubwa.

Esperansi akasimama. "Baba, mihogo haivundi kwa siku moja."

Renatus akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha. "Mama, nilikuja mwenyewe. Niliandika mlivyoniambia. Lakini huko juu waliangalia picha, na kwenye picha hakuna hata ganda moja. Walisema watu wangekuwa wanapatumia, pangeonekana."

Esperansi alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba ni yeye aliyefagia, kwamba heshima ndiyo iliyoonekana kwenye picha zile. Nyuma yake alikaa Leonia, aliyetaka mihogo iachwe majini, na Esperansi angeshukuru kama angemlaumu. Akakaa chini polepole, na kwa mara ya kwanza maishani alijichukia kwa kuwa msafi.

Jumamosi ya kwanza alifika kukipambazuka, beseni la mihogo iliyomenywa kichwani. Mlinzi wa lango alikuwa Tobia, kaka yake Leonia, ndani ya sare mpya iliyompwaya mabegani. Alimfungulia, akainama kumwamkia. Esperansi akaizamisha mihogo pembeni mwa gati, akaketi karibu nayo kama mtu anayemuuguza mgonjwa, akashinda hapo.

Jua lilipoanza kuzama Tobia akaja. "Mama, muda umefika."

"Njoo uiguse."

Tobia akachuchumaa, akabonyeza muhogo kwa dole gumba. Ulikuwa mgumu kama ulivyotoka shambani.

"Bado, mama."

"Bado."

"Wakikuta nimeiacha humu, kazi sina."

"Najua, baba. Sikulaumu."

Wakaitoa wote wawili, muhogo mmoja mmoja, bila kuharakisha. Tobia akamtwika beseni, akalishika kidogo mpaka shingo ya mama ilipotulia.

"Utairudisha Jumamosi ijayo," alisema, akitafuta la kumfariji.

"Jumamosi ijayo itakuwa imeoza."

Akatoka langoni. Maji ya ziwa yakamchuruzika kutoka kwenye beseni, yakapita shingoni, yakamlowesha gauni mpaka kiunoni. Hakuyafuta.