Mlango wa Kushoto

Mimi nina sikio. Marehemu mume wangu Abbasi alilisifu sikio langu kuliko mapishi yangu, na siku aliyoamua kubadilisha spika za gari lake hakumwita fundi, aliniita mimi.

Gari lenyewe lilikuwa mtumba kama magari mengi ya Bongo. Lilishushwa bandarini na spika zake za kiwandani, karatasi zake zimeshaliwa na unyevu, zinakoroma tu. Abbasi alilifanyia kazi ya teksi, na alikuwa akisema abiria husamehe kiyoyozi kibovu lakini redio mbovu hasamehi. Basi tukaenda Kariakoo, kwa Mchaga mmoja aitwaye Rogath, muuza vifaa vilivyong'olewa kwenye magari na redio za watu wengine. Spika mbili zinazofanana hakuwa nazo.

"Kaka, spika ni spika," Rogath alimwambia. "Ikilia imelia. Nani atakuja kukuchungulia mlangoni?"

Mlango wa kulia ukapata spika ya maana, imetoka kwenye gari. Wa kushoto ukapata iliyong'olewa kwenye redio ya sebuleni, kubwa kuliko tundu lake. Abbasi aliipachika juu ya duara la plaiwudi alilolikata kwa mkono, na alilikata vibaya. Mimi nimekaa ndani, yeye yuko nje anakaza skrubu na kuuliza, "Sasa je, Waridi?" Besi ikipiga, mlango wa kushoto ulinguruma nyuma kidogo ya wa kulia, kama mke mwenza anayerudia maneno ya mwenzake ili yeye awe wa mwisho kusema. Nikamwambia aitoe. Akacheka, akaiacha hivyo hivyo.

Presha ilimwangusha, akaniacha na mabinti wawili wa shule na gari hilo. Nikaingia eda hapa Magomeni. Mpango wangu ulikuwa mmoja: eda ikiisha nitafute dereva mwaminifu, aniletee cha jioni, wanangu wasome. Kingine sikuwa nacho.

Baada ya hitima, kaka yake Abbasi, Abubakary, alichukua funguo. "Shemeji, gari likilala sana betri inakufa," alisema. "Nitakuwa naliwasha." Nilimshukuru kwa kinywa changu mwenyewe. Haukupita muda akaja na uso wa msibani: injini imenoki, gari liko gereji, fundi amekata tamaa nalo. Nililia upya, na safari hii nililia kwa njaa niliyoiona inakuja.

Wa kukaa nami eda alikuwa Bi Badria, shangazi yao. Nikisogea tu mlangoni, yeye yuko nyuma yangu. "Rudi, mwanangu. Watu watasema hukumpenda." Kila alasiri alitoka yeye, na kapu lake, kwenda sokoni Kariakoo. Akarudi na samaki na nazi, na kwa jua lote lile la Dar hana hata tone la jasho. Niliuonea wivu mwili wake, akili ya kujiuliza sikuwa nayo.

Siku moja nachambua mchele nyuma ya pazia, taarabu ikapita mtaani, na chini ya taarabu nikausikia ule mngurumo, nyuma kidogo. Nikauweka ungo chini, nikasikiliza mpaka ukapotea.

"Shangazi, nimesikia gari la Abbasi, mlango wake wa kushoto unavyonguruma," nilimwambia aliporudi.

"Kizuka husikia mengi," alijibu, maana ndivyo aitwavyo mjane wa eda, akaniwekea Msahafu mapajani. "Soma, mwanangu. Shetani huyo anakuchezea."

Nikasoma. Kesho yake shetani akapita tena, na siku zilizofuata, kila alasiri, akizima redio kabla ya kona yetu. Nikaanza kuamini ninaingia wazimu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuibiwa watu huibiwa, lakini hawa walitaka hata sikio langu nisiliamini.

Ijumaa nikatoka. Mngurumo ulipokatika nilishavuka kizingiti, nguo nyeupe za eda, pekupeku, nikakata kona. Gari la Abbasi limesimama mbele ya kibanda cha chipsi, limeoshwa linang'aa, Abubakary kwenye usukani. Mlango wa kushoto ukafunguka, akashuka Bi Badria na kapu lake. Sokoni alikuwa akienda kweli. Alikuwa akipelekwa.

"Shangazi," nikasema, "hili si lile lililonoki?"

Hakunijibu mimi, aliujibu mtaa. "Jamani, njooni muone," akapaza sauti, mkono kichwani. "Mke wa Abbasi kavunja eda. Udongo wa kaburi haujakauka, mwenzenu yuko barabarani."

Abubakary aliongea kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kushinda. "Rudi ndani, shemeji, usijiaibishe. Limepona leo leo, nilikuwa naja kukwambia."

Nikaingia kwenye kiti alichokiacha Shangazi, bado kina joto lake, nikakaa. Wanawake wa mtaa, ambao shughuli zao zote nimewapikia, ndio walionitoa, huyu mkono huu, yule mkono ule, wakanirudisha ndani.

Jumapili kikakaa kikao. Wazee sebuleni, mimi nyuma ya pazia. Nikaeleza yote: gari halikunoki, linafanya kazi, kila alasiri nalisikia likipita. Mzee Hamis, baba yao mdogo, akaniuliza nimelitambuaje na mimi niko ndani.

"Mlango wa kushoto unanguruma, baba. Nyuma kidogo ya wa kulia. Spika yake aliifunga Abbasi mwenyewe, na mimi nilikuwepo."

Wakanyanyuka, wakaenda nje kuwasha redio ya gari, maana Abubakary alikuja nalo. Niliwasikia kutoka ndani, na kabla hawajarudi nilishajua nimekwisha. Milango yote miwili ililia pamoja, safi kabisa. Abubakary alikuwa ameshafika Kariakoo, amefunga spika mpya, pacha.

"Hakuna mngurumo, mwanangu," Mzee Hamis alisema, na nadhani alinihurumia kweli. Kisha akahukumu. Gari libaki kwa Abubakary kwa niaba ya watoto, maana mama yao akili haijatulia. Na eda niliyoivunja niianze upya, kuanzia siku ya kwanza. Hukumu hiyo sijui kaisoma kitabu gani, na nina hakika na yeye hajui, lakini sebule nzima iliitikia.

Asubuhi Bi Badria akaja na mkeka wake kunikalisha, uso umelainika. Nilimkaribisha vizuri, nikautandika mkeka mimi mwenyewe, nikasubiri mpaka amekaa.

"Kaa wewe, Shangazi," nikamwambia. "Mimi naenda mahakama ya mwanzo."

Nikapita mtaa mzima mchana kweupe. Wote walinitazama miguu, wakanong'ona kwamba yule kizuka katoka tena. Salamu hakuna aliyenipa, na habari ya gari hakuna aliyeniuliza.