Falsafa Haiko Karibu na Bandama

Wazazi wenzangu mlio na watoto waliomaliza kidato cha sita, haya yamenikuta mimi hapa kijijini Issenye, na ninayaandika ili yasiwakute. Niliishia darasa la saba, mtanivumilia.

Mwanangu Jesca alichaguliwa na vyuo viwili. Kimoja kilimpa elimu ya afya ya jamii, kingine falsafa. Ujumbe uliingia kwenye simu na namba ya kila chuo, ukamtaka athibitishe kimoja kwa kutuma namba yake ndani ya siku tano. Alinisomea nikiwa nachambua mboga, kisha akaniangalia.

"Hiyo ya afya ya jamii ndiyo nini?"

"Kufundisha watu wajikinge na magonjwa, mama. Maji safi, chanjo, vyoo..."

Aliposema vyoo akawa ameharibu. Nilimwona akilini yule bwana afya aliyekuwa akipita kwetu na daftari, anachungulia choo cha kila mtu na kukemea, watoto wakimwita Bwana Choo mpaka apotelee barabarani. Nimlee binti peke yangu, nikeshe shambani kufukuza tembo, halafu aje aitwe Bibi Choo?

"Thibitisha falsafa."

"Mama, falsafa ni..."

"Jesca! Mama hapa nani?"

"Wewe, mama."

"Haya."

Mimi falsafa nilikuwa naijua, bwana. Redioni nimesikia mara nyingi, fulani katunukiwa udaktari wa falsafa. Daktari! Na daktari nilimtaka kwa sababu yangu. Mdogo wake Jesca, Rubeni, alitutoka kwa kuhara akiwa na mwaka na nusu. Alikata roho mgongoni mwangu tukiwa njiani kwenda zahanati. Tangu siku hiyo niliomba nyumba yangu iwe na daktari. Jumapili nikawatangazia kanisani kwamba Jesca anakwenda kuwa daktari, wakanipigia vigelegele.

Siku ya tano nilikwenda zahanati kufuata vidonge vya presha. Nesi wetu ni Faudhia, binti wa Tanga, ana heshima zake.

"Shikamoo, mama Jesca."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tayari, utapata mwenzako. Jesca anakwenda kusomea udaktari wa falsafa."

Faudhia akaweka kalamu chini. "Mama, falsafa kwani iko wapi?"

"Si humu," nikajigusa ubavuni, "karibu na bandama."

Hakunicheka. Mabega yalimtikisika kidogo, akauma mdomo, lakini hakunicheka. Akavuta kiti, akanieleza taratibu kwamba falsafa ni kusomea kufikiri na kuuliza: haki ni nini, mtu mwema ni yupi, tunajuaje kwamba tunajua. Udaktari ule wa redioni ni jina la shahada kubwa, hata aliyesomea mawe anaweza kuitwa hivyo, na sindano hajawahi kushika.

"Kuuliza nako kunasomewa?"

"Kunasomewa, mama. Na ni masomo mazuri kwa anayeyapenda. Jesca anayapenda?"

Kutangaza nilitangaza, kumuuliza mwenyewe sikumuuliza.

"Maana redioni wametangaza kuthibitisha mwisho wake leo," Faudhia akasema.

Vidonge sikuvingoja. Nilipanda bodaboda, kijana akaniambia mama shika vizuri, nikamwambia wewe kimbiza tu.

Jesca nilimkuta nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakoshika. Amekaa kwenye gogo, simu mkononi, macho mekundu.

"Umeshathibitisha?"

"Bado, mama. Nisamehe. Kila siku naandika ile namba ya falsafa, nafuta. Sasa hivi naituma."

"Ngoja!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie athibitishe afya. Mwaona? Nimetoka kukosea, na amri nyingine iko ulimini tayari. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nikakaa naye kwenye gogo.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Alinitazama kama sijamzaa mimi. Kisha akalia, nami nikamwacha alie.

"Falsafa niliijaza kwenye fomu nafasi isibaki wazi tu," akasema. "Ninayoitaka ni ya afya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishatangaza kanisani. Nikaona utaaibika." Akapangusa pua. "Mama, unamkumbuka bwana afya alipokuja mwaka ule wa Rubeni?"

Namkumbuka. Nilijifungia ndani, nikamtuma Jesca akamwambie mama hayupo. Maji tulikuwa tunachota palepale wanapokunywa ng'ombe, na hatuchemshi. Wiki mbili baadaye Rubeni akaanza kuhara.

"Nilimfukuza," nikasema. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu.

"Hukumfukuza, mama. Alikuwa anakemea, ukaogopa. Kila nyumba ilijificha." Akanishika mkono. "Daktari angempokea Rubeni ameshachelewa. Mimi nataka nifike kabla. Na sitakemea."

Nikamwambia, "Tuma namba ya afya, mwanangu." Simu iligoma, nikapanda juu ya gogo nimeinyanyua kama mwenge, uzee huu, Jesca akicheka na machozi yake, mpaka ikalia kwamba imekwenda.

Ndiyo nasema, wazazi: muulize mtoto, halafu nyamaza umsikilize, hata mboga ikiungua. Mimi ningechelewa dakika chache tu, yangu yangekuwa mengine.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena kanisani nikasahihisha. Mokami jirani yangu akaniita mama wa Bibi Choo, watu wakaangua kicheko. Nikamjibu ndimi, tena choo cha kwanza atakachokagua ni changu, nimeshakifagia.