Nukta Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili bosi wangu alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa nukta. Ndiyo maana idara nzima ya hisabati ilimwita Mama Nukta. Unachora nukta kwenye karatasi, unaziunganisha kwa mistari kwa kufuata sheria tatu (mimi karani wake nimezichapa mara mia na bado sizielewi), kisha unazipaka rangi. Nukta mbili zilizounganishwa zisifanane. Dai lilikuwa kwamba hata mtandao uwe mkubwa vipi, rangi nne zinatosha.

Dai hilo lilitoka kwa mwalimu wake, Mzee, aliyekwisha kustaafu. Hakuna aliyelitilia shaka. Kompyuta ilikuwa imejaribu mitandao yote ya hadi nukta thelathini, ikakuta sawa. Zaidi ya hapo idadi yake ilikuwa inatisha, mashine ingezeeka ikihesabu. Hata jirani zetu wa fizikia walikuwa wameshaanza kulitumia kwenye hesabu zao za fuwele. Kilichokosekana ni uthibitisho tu, na hatimaye Mama Nukta akaupata: kurasa tisini. Wakaguzi wawili wa vyuo vingine waliusoma, wakaupitisha.

Siku ya mhadhara, Alhamisi saa nne asubuhi, ukumbi ulijaa hadi tukaazima viti vya kantini. Mzee aliketi mstari wa mbele na fimbo yake. Mume wa Mama Nukta alikuja amefunga tai. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alifika akitokea kazini moja kwa moja, futi ya kupimia bado i shingoni.

Ubao ulikuwa mpya, mpana kuliko ule wa zamani. Asubuhi ile Mama Nukta alikuwa ameujaza mtandao mkubwa, akiunganisha mitandao midogo mmoja baada ya mwingine mpaka nafasi ikaisha. Ulikuwa mfano tu, wageni wapate kuona.

"Dada, njoo unisaidie," alisema.

"Mimi? Hesabu nilizikimbia darasa la sita!"

Watu wakacheka. Akapewa chaki nne: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Alipaka harakaharaka, kama anayechagua nyuzi. Alipokaribia pembe ya kulia akasimama.

"Mdogo wangu, hapa nimekwama."

"Rudi nyuma kidogo, ubadilishe."

Akafuta, akabadilisha, akakwama tena.

"Shemeji, lingekuwa gauni ungeshamaliza," mume wa Mama Nukta alimtania.

"Gauni ningeongeza kitambaa. Nyinyi mmeninyima rangi!"

Tulicheka sana. Mkuu wa fizikia akainuka kumsaidia, naye akakwama. Akajaribu kuanzia upande wa pili. Akakwama. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mama Nukta akachukua chaki mwenyewe.

"Tuseme hii ni nyekundu," alisema, "basi hii lazima iwe njano au buluu." Alifuata njia moja hadi mwisho, akaikata. Akafuata ya pili, akaikata. Zilikuwa njia sita. Kwenye ya sita mkono ulimganda hewani. Alipotugeukia, uso ulikuwa umempauka kama mtu aliyeamka kitandani mwa hospitali.

"Haiwezekani," alisema.

Wengi tulidhani anakataa kuamini. Kumbe alikuwa anatoa jibu. Nukta arobaini na moja, na rangi nne hazitoshi. Dai ni la uongo.

"Rudia," Mzee aliamuru. Akarudia, njia zote sita. Mzee alifuatisha kwa ncha ya fimbo, kisha akajiachia kitini. "Miaka hamsini," alisema. "Nimewafundisha watu uongo miaka hamsini."

Dada wa Mama Nukta alikuwa bado amesimama na vumbi la chaki mikononi. "Jamani, nimeharibu nini?"

 

Mchana ule waliuingiza mtandao kwenye kompyuta, nayo ikakubali chini ya dakika moja: hazitoshi. Jioni kosa likapatikana, ukurasa wa sitini na tatu, mstari unaoanza na "Ni dhahiri kwamba". Niliuchapa mimi. Niliona aibu kana kwamba nimeutunga.

Mama Nukta hakuonekana kazini siku tisa. Siku ya kumi nilimpelekea barua zake nyumbani, nikamkuta mezani na dada yake. Dada alipoingia jikoni, Mama Nukta aliniinamia.

"Karani, nikwambie kitu? Njia ile ya sita ilipofungika, kabla sijaumia, nilifurahi. Kidogo tu. Nilijua kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukijua." Machozi yakamtoka. "Halafu nikamwona Mzee."

Mama Nukta aliandika makala ya kurasa mbili ya kulikanusha dai. Wenzetu wa fizikia waliondoa makala zao sita, na mmoja wao hadi leo hanisalimii, kana kwamba mimi ndiye niliyezichora nukta. Mzee aliomba nakala, akaisoma kwa kioo cha kukuzia, kisha akanipigia simu niulize kwa niaba yake: kama nne hazitoshi, zinatosha ngapi?

"Mwambie sijui," alisema Mama Nukta. "Mwambie aje Jumatatu, tuanze."

Alitaka makala ibebe pia jina la dada yake. Dada akakataa katakata.

"Watu wataniletea watoto niwafundishe hesabu," alisema, "na nina sare arobaini za kushona."