Sukuma Wiki za Kutazama

Magoti yangu siku hizi yanalia kama mlango mbovu, na yote kwa sababu ya mchoro wa mtu aliyekufa zamani.

Bustani ninayofanyia kazi hapa Stockholm ilianzishwa enzi za reli na moshi wa viwanda. Wakubwa waliona watu wa mjini wanakohoa mno, wakasema wapewe mahali pa kupumua. Wakachora vitanda vya maua vya duara, vya nyota, sijui vya nini. Nyakati ngumu zilipokuja maua yakang'olewa, zikabaki nyasi, na baadaye kipande kizima kikageuzwa maegesho ya magari. Mwaka huu manispaa imetaka uzuri wa zamani urudi vilevile ulivyochorwa. Urudi! Ati utajirudisha wenyewe. Unarudishwa na mimi Achola, kwa magoti, kwenye matope ya Septemba.

Sikulalamika, maana nilikuwa kwenye mkataba wa majaribio. Josefin, msimamizi wetu, aliniahidi kwamba kitanda kikubwa kikipendeza siku ya uzinduzi, napata ajira ya kudumu. Niliitaka kazi hiyo, jamani. Nimechoka kuwa mtu wa kujaribiwa. Kitanda chenyewe nilikijaza sukuma wiki za mapambo, zambarau kwa nyeupe, mstari baada ya mstari.

Siku ya uzinduzi nilikuja na Mama Cliff, mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kwetu Hallonbergen. Mama huyu amelea watoto wake wote kwa kuuza mboga sokoni Kisumu. Nikamketisha kwenye benchi, nikaenda kurudisha toroli.

Kurudi, woi! Mama yuko katikati ya kitanda, amejifunga leso kiunoni, anavunja majani ya chini bila hata kutazama mikono. Nyuma yake mashina yamebaki uchi kama kuku walionyonyolewa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Binti yangu, nani huacha sukuma zizeeke hivi? Ya chini yakivunjwa, ya juu yanapata nguvu. Na wewe kila jioni unasinzia juu ya sahani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa mwezi mzima mnaniketisha tu!"

Josefin akafika mbio, uso mwekundu. Wageni wa manispaa walikuwa wanaingia langoni.

"Unamjua huyu?" akaniuliza kwa Kiswidi. "Kama humjui, naita walinzi."

Mama akamtabasamia, akamwonyesha fungu lake. "Mwambie mkubwa wako nimekupunguzia kazi."

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Ni mama yangu," nikasema. "Nimemleta mimi."

Josefin akafumba macho. "Basi sina la kukusaidia, Achola. Mkataba wako unaisha Ijumaa. Hatutauendeleza."

Kwenye treni nililia. Mama akadhani ni uchovu, akanisugua magoti mpaka Hallonbergen.

Jioni akazikaanga zile sukuma kwa kitunguu na nyanya, akasonga ugali. Zilikuwa ngumu, tena chungu.

"Chungu kidogo," mama akakiri. "Ni baridi ya huku. Na yule mkubwa wako alisemaje?"

Nikakata tonge. "Alisema asante, mama. Ati kuanzia Ijumaa nipumzike."

"Mungu ambariki!" akasema, akaniongezea mboga.

Nikazila zote.