Mgongo Ndani ya Picha

Fundi wa picha alimwomba Mama avue hereni, akaziweka kwenye kikombe cha plastiki, kisha akamlaza na kukisukuma kitanda mpaka kichwa kikazama ndani ya mashine. Daktari alitaka kuuona ubongo wake, ajue kama usahaulifu ule ni uzee tu au ni ugonjwa. Binti mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Dada, aliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo, karibu na fundi.

"Mama, usitikisike," fundi alisema kwenye kipaza sauti.

"Sijatikisika," Mama alijibu.

Fundi akaisogelea skrini. "Kweli, siyo yeye. Ni huyu mtoto."

Katikati ya ubongo, penye mwanga, alikuwepo mtoto wa kike mwenye mashavu, akipanda na kushuka. Dada alimjua mara moja. Alikuwa mdogo wake, Malkia, ambaye siku hizi aliishi mbali na alikuja kumwona Mama akipata nafasi. Nafasi yenyewe haikuwa ikipatikana.

"Kama ni wenu, mwambie atulie. Ananiharibia picha."

Dada akainamia kipaza sauti. "Malkia, tulia."

Malkia akamtolea ulimi, lakini picha ikatulia.

Roho ilimuuma Dada. Yeye ndiye aliyemwogesha Mama na kumkata kucha. Yeye ndiye aliyelala mguu mmoja chini, ili Mama akiamka usiku asianguke.

"Na mimi nitafute," alisema.

Fundi hakushangaa. Ndugu wa wagonjwa walimwomba hivyo mara kwa mara. Akaupitia ubongo kipande kwa kipande. Pembeni palikuwa pamesinyaa na kuwa peusi. Kwenye kona moja palikuwa na taulo na ndoo ya maji yanayotoa mvuke, na kitana kikichana nywele chenyewe.

"Hapa palikuwa na mtu," fundi alisema. "Ameshafutika."

"Ndoo imebaki, mimi nimefutika?"

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Mara nyingi huanza kula mambo ya karibuni. Ya zamani hukawia."

"Zamani nilikuwepo. Tena mimi ndiye wa kwanza!"

Fundi akarudi katikati, akaikuza picha. Ndipo walipoona kwamba Malkia alikuwa amebebwa. Chini yake palikuwa na mgongo wa msichana aliyeinama, kitambaa kimekazwa kifuani, uso hauonekani. Yeye ndiye aliyekuwa akimrusharusha mtoto asilie, na yeye ndiye aliyetii alipoambiwa atulie.

Dada alilitambua gauni lake mwenyewe la utotoni, lile lenye kiraka begani.

"Basi upo," fundi alisema.

"Mgongo ndio upo."

Daktari alisema ni ugonjwa, akaandika dawa, akaeleza kwamba hazitarudisha kilichokwenda. Dada aliipiga picha ile kwa simu, akamtumia Malkia. Jibu la sauti lilikuja hata kabla hawajafika getini.

"Jamani, Mama wangu! Kumbe niko katikati kabisa! Nimelia hapa, Dada. Lakini huyo yaya aliyenibeba ni nani? Mimi simkumbuki."

Dada aliisikiliza mara mbili, akaitia simu mkobani, akamvisha Mama hereni zake.

Jioni alimketisha bafuni. Mama alimtazama kwa muda, uso ukachanua.

"Malkia! Umekuja, mwanangu?"

Dada akaivuta ndoo karibu. "Nimekuja, Mama."

"Afadhali. Humu ndani kuna mwanamke, kila siku ananisugua kama sufuria. Sasa umefika wewe, mwambie aende kwao."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

"Leo hii, Mama."

Mgongo ulikuwa ukimuuma, kama wa mtu aliyeshinda na mtoto mgongoni. Alichovya kiwiko kwenye ndoo, akaongeza maji ya moto kidogo, maana Mama hakupenda ya baridi. Kisha akainama, akaanza na miguu.