Mgongo wa Mongina

Simu ilimkuta Mongina katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, ukungu wa Kimulot ukiwa bado haujainuka. Aliyepiga alikuwa Daktari Chelangat wa hospitali ya umma. Alisema kamati ya hospitali inayoidhinisha upasuaji inakaa kesho asubuhi, na safari hii aje mwenyewe wamsikie. Mongina akasimama pale pale, akasahau hata kuchuma.

Tangu amzae Orina, matiti yake yalikuwa yameongezeka mpaka yakawa mzigo. Mikanda ya sidiria ilimchimba mabega, vidole vikimfa ganzi, na chini ya matiti ngozi haikuisha vidonda. Hakukosa kliniki mwezi hata mmoja. Ikitulia shingo, mgongo unaanza. Wachumaji wenzake walimtania kwamba Mungu amemjalia. Alicheka nao, lakini akifika nyumbani alijilaza sakafuni, na mumewe, Sagini, akasonga ugali mwenyewe. Daktari alikwisha kuomba apunguzwe matiti kwa upasuaji. Akajibiwa kwamba huo ni urembo, na pesa ya umma si ya urembo.

Kesho yake alikwenda na jirani yake Wilkista, ambaye alimsukuma mlangoni na kumwambia asiangalie chini.

Mwenyekiti, Bosire, alikuwa mtu wa sauti ya taratibu. Aliuliza atawaambia nini wagonjwa wa henia wanaongoja zamu. Lilikuwa swali la haki, na Mongina alijihisi kama mtu aliyeruka foleni. Daktari hakubishana naye. Alieleza kwamba huyu mama wanamtibu mwaka wa sita sasa. Kwamba ukijumlisha dawa, picha za mgongo, mazoezi ya viungo na siku anazolala bila kazi, gharama imeshapita ile ya kumpasua, na bado ni mgonjwa.

"Upasuaji huu tumeshaulipia, mwenyekiti," alisema. "Ila hatujaufanya."

Bosire akauliza itakuwaje wakija wengine wengi.

"Wako hapa tayari. Ndio hao kwa foleni ya dawa za maumivu."

Kisha wakamgeukia Mongina.

"Mimi sikuja kuomba urembo. Nimeletwa na mgongo. Mkinitibu huu, mtanisahau hapa."

Bosire akatabasamu, akamwomba angoje nje. Kwenye benchi Wilkista alimshika mkono mpaka mlango ukafunguka na Daktari Chelangat akatoka akitembea upesi, uso wote ukicheka. Hakuhitaji kusema. Mongina alimrukia akamkumbatia na koti lake jeupe, na Wilkista akapiga vigelegele mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Alipozinduka baada ya upasuaji, kifua kilimuuma na bandeji zilimbana. Lakini alipoinuliwa kukaa, mabega yalipanda yenyewe, mepesi, kana kwamba mtu amempokea mtoto aliyembeba tangu jana. Akaanza kulia na kucheka pamoja. Sagini, aliyekuwa amekaa pembeni na chupa ya uji, aliogopa akaita nesi.

"Si maumivu," Mongina akamwambia. "Hebu niangalie tu. Nimekaa wima."

Alipona polepole. Kidonda kimoja kilikawia kufunga, akakatazwa kubeba kikapu mpaka kipone. Akatulia, ingawa mikono ilimwasha kwa hamu ya kazi. Aliporudi kuchuma, jua la mchana lilimkuta bado anaimba, na vidole havikufa ganzi.

Jumamosi moja akaenda na Wilkista soko la Roret kununua sidiria, ya kawaida tu, ile inayotundikwa na zingine kwenye kamba. Wakati wanatoka, mvua ikawashukia ghafla. Watu wakakimbilia mabaraza ya maduka. Mongina naye akakunja sketi, akatimua mbio, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mama.

"Mama Orina, ningoje!" Wilkista aliita nyuma yake.

Hakungoja. Alilipita duka la kwanza, na la pili, mvua ikimpiga usoni, akiendelea kukimbia.