Jumapili ya Shukrani kwenye Banda la Pareto

…halafu ni yeye, Akoth akishamaliza tu ni yeye, na Mungu amjalie Akoth asimalize upesi, ashukuru kwa kuku, ashukuru kwa mabati, ashukuru hata kwa chawa kama anao, maana Akoth mke wa dereva wa trekta akishika maneno hayaachii, na leo kwa mara ya kwanza Chelagat anaomba asiyaachie, kila mwaka ni hivi hivi, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima kila mtu anasimama na kitu mkononi, anashukuru mbele ya wenzake, ili Padre akija Jumatano na majivu yake awakute roho zimeshafagiliwa, ndivyo anavyosema Micah katekista, na Micah mwenyewe yuko pale mbele, macho amefumba, mikono nyuma, ndani ya banda hili la kukaushia pareto ambalo bwana mwenye shamba huwaazima siku za ibada, linanuka pareto mpaka kooni, na baridi, jamani baridi ya Njoro mwaka huu, asubuhi sakitu imelala nje nyasi zote nyeupe, majani ya viazi yameungua kama yamepitiwa na moto, miguu ganzi, vidole ganzi, joto liko shingoni tu pale mtoto anapopumulia, Chepkemboi, mwezi mmoja na siku mbili, leo ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje na kuona watu… "…na Mungu akamwangalia mume wangu pale trekta ilipopinduka," anasema Akoth, watu wanaitikia asante Baba, na Chelagat naye anaitikia, mdomo unaitikia wenyewe, mikono imeshika kapu la viazi, viazi vya shukrani, vikubwa, vimeoshwa vikaoshwa tena, viazi vya nani, Chelagat, sema viazi vya nani, vya Wachuka, basi, alivipanda Wachuka kwenye kile kishamba cha karibu na mto, akavipalilia Wachuka, akachukuliwa Wachuka na askari, na juma lililofuata nyapara akaja akamwambia Kipsang chukueni nyinyi kile kishamba, Mkikuyu harudi, na Kipsang akafurahi, mume wake mtu mzuri, akasema ona Mungu anavyotupa, na yeye akachemsha viazi akala, vilikuwa vitamu, hilo ndilo linalomchoma, vilikuwa vitamu kweli.

Na kwenye benchi la wanawake, hapo mwisho karibu na mlango, pana nafasi, hakuna anayekaa, wamebanana huku wote lakini pale hakuna anayekaa, ndipo alipokuwa akikaa Wachuka na sweta lake la kijani, mama mtu mzima, mjane, kila Kwaresima anaacha sukari kwenye chai siku arobaini, na mtu akimcheka anasema acheni mimi nimdai Mungu sukari, na anacheka mwenyewe… sasa hivi hana hata hiyo chai, Kipsang alimwona jana, alipeleka maziwa stesheni ya Nakuru akapita karibu na ile kambi ya seng'enge wanakochujwa Wakikuyu, akarudi akasema, huku anavua viatu, yule mama Mkikuyu nimemwona, amekonda, ameketi chini na wengine, wanasema kesho kutwa wanapakiwa kupelekwa kwao, kesho kutwa ya jana ni kesho, Jumatatu, kwao wapi, Wachuka amezaliwa hapa hapa, hata njia ya huko haijui, na Kipsang akasema maskini, hivyo tu, maskini, akaomba ugali, maana Kipsang hajui, ndiyo shida, Kipsang hajui kitu, yeye aliambiwa kama walivyoambiwa wengine, kwamba usiku ule alipokuwa zamu ya kulinda ng'ombe wa bwana mke wake alishikwa na uchungu akazaa peke yake, Mungu akamzalisha kwa mkono wake mwenyewe, na Micah akaishika hadithi hiyo, akaihubiri Jumapili mbili, mwanamke wa imani, peke yake na baridi na Mungu, na leo wamekuja hata watu wa shamba la pili kumsikia, ee Mama wa Mungu, wamekuja kumsikia.

Peke yake! Alipiga kelele nani akaja, alipiga kelele akaja Wachuka amefungua mlango kwa bega, uchungu ulikuwa umepita kiasi, mtoto akatoka wa bluu, kimya, na sakitu inaingia chini ya mlango, Wachuka akamvuta kamasi kwa mdomo wake, akatema, akavuta tena, akamwingiza ndani ya lile sweta la kijani kwenye ngozi ya kifua chake, akawa anatembea naye, anamsugua, anasema lia mama, lia tukusikie, na mtoto akalia, akalia kama paka, na kitovu hakijakatwa bado Wachuka alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, asante Baba, asante Baba, asante Baba, hakusema kitu kingine, machozi yanamtoka kama ni mtoto wake… "Na kuku wangu wanane," anasema Akoth, "wanane, hata mmoja hakuchukuliwa na mwewe," asante Baba… halafu asubuhi ikafika mama yake Kipsang, Kogo, kutoka Sotik, na Kogo tangu Hali ya Hatari ianze alikuwa ameshasema mkono wa Mkikuyu usiguse mjukuu wangu, hujui mkono huo umeshika kiapo gani, na alipouliza nani amekuzalisha Chelagat akasema nimezaa peke yangu, neno likatoka tu, dogo, la kuepuka kelele za mama mkwe, alidhani ni uongo wa siku moja, Wachuka mwenyewe alikuwa mlangoni akasikia, akatabasamu, akaenda zake, na siku ya tatu wakaja askari.

Hapo ndipo anapofika kila siku akaishia hapo, kwenye ukuta ule wa udongo, yeye ndani na wao nje, kwa sababu mila ya kwao mwanamke aliyejifungua hatoki wala haonekani na wanaume mpaka mwezi uishe, na askari wakasimama uani na Wachuka katikati yao, wakamwambia Kipsang, huyu mama hakuwa nyumbani kwake usiku ule watu walipolishwa kiapo cha kupigana na Wazungu, anasema alikuwa hapa anazalisha, ni kweli, na Kipsang, mtu wa kweli, mtu asiyejua kudanganya hata mnyama, akasema hapana, mke wangu alizaa peke yake, na Wachuka akaita, aliita, Mama Chepkemboi, waambie, mara moja tu, hakupaza sauti, Mama Chepkemboi, waambie… na Kogo akamtazama, na mtoto alikuwa kwenye ziwa ananyonya, na yeye akajiambia siwezi kutoka, mila, siwezi kutoka, na hivyo ndivyo amejiambia mwezi mzima, usiku akigeuka upande huu mila, akigeuka upande ule mila, ningetoka vipi, wanaume wamejaa uani… lakini mila ilimkataza kutoka, haikumkataza kusema, hapo ndipo penyewe, Chelagat, wacha kuzunguka, ukuta ulikuwa wa udongo, alisikia mpaka kikohozi cha askari, na wao wangemsikia, neno moja tu kutoka kitandani, ni kweli alikuwa hapa, akakaa kimya kwa sababu ya kumwogopa bibi kizee mmoja na kuona haya kwamba alidanganya, basi, kwa haya, mtu amekaa kwenye seng'enge mwezi mzima kwa haya ya mwenzake, na yeye anakuja kumwambia Mungu asante.

Na atamwambia asante ya nini, na Mungu alikuwepo, Mungu alimwona Wachuka amepiga magoti, asante ile aliisikia, sasa ataletewa hii ya kapu na ya uongo, na Jumatano atapakwa majivu kwenye paji la uso, atafunga, ataacha sukari, ataacha nyama ambayo hata hana, atarudi nyumbani mweupe mbele ya watu… na akisema? Akisema, Kipsang atakuwa mwongo mbele ya serikali, bwana hataki mchezo na mambo haya, watafukuzwa na mtoto wa mwezi mmoja, na baridi hii, na Kogo hatamshika tena mjukuu, na pengine haitasaidia, pengine karani wa kambi atacheka, maneno ya mwanamke, umechelewa mama, nenda… pengine. Lakini leo ni Jumapili bado. Padre yuko Nakuru, Micah ana baiskeli, Kipsang ana miguu, lori ni kesho, na akinyamaza leo hakuna pengine tena, na huyu mgongoni atakua, atauliza, mama nilizaliwaje, na yeye atamjibu kwa hadithi ya Micah mpaka kufa.

"Ni hayo tu ndugu zangu," anasema Akoth, "mengine Mungu anayajua," anaketi, benchi linalia, watu wanakohoa, na Micah anafumbua macho, anatabasamu, "Mama Chepkemboi, simama sasa, utuambie Bwana alivyokuzalisha peke yako," na wote wanageuka, na upande wa wanaume Kipsang amenyoosha shingo ili aone vizuri, amevaa shati lake la harusi, anamtazama kwa fahari, na Chelagat anamtazama sana, maana anajua hatatazamwa hivyo tena kwa muda mrefu, kisha anaweka kapu chini, anasimama, anasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma kabisa wanaisikia, "Sikuzaa peke yangu."